Tikiti la Waseme

Likoni, Jumamosi, 3 Novemba 1962

Daftari hili aliliacha marehemu mume wangu Mbarak. Aliandika kurasa nne tu za mambo ya bandarini alikokuwa karani, kisha akafa, na kurasa zilizobaki zimekaa miaka mitatu sandukuni zikinuka karafuu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa subira ambayo sikuwahi kumshukuru. Sasa kurasa hizo nimeamua kuzitumia. Mtu anayeishi peke yake na hasira zake hana budi apate mahali pa kuziweka.

Hasira ya leo ni nguruwe mwitu. Nimemaliza kupanda matikiti, mashimo mia na ishirini, kutoka migombani hadi kwenye ua unaonitenga na jirani yangu Tima. Mwaka jana gharika ilizoa mbegu zote. Mwaka juzi nguruwe walikula mpaka majani. Niliweka ua wa miiba, nikasimamisha sanamu la nguo za Mbarak, nikafukiza, nikaomba dua. Nguruwe walikuja vilevile na mmoja akalala chini ya sanamu.

Kesho kutwa Kahindi ananiletea mbwa. Huyu Kahindi ni mkwezi wa minazi yangu, kwao Kaloleni. Nimemwambia nataka mbwa mwenye sauti.

Jumatatu, 5 Novemba

Mbwa amekuja. Ni wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, umri wa mwaka mmoja na kitu. Kahindi anasema kwenye feri watu walimpa nafasi kubwa kuliko anayopewa mkuu wa wilaya.

Tima alikuwa ameshafika uani kabla sijamfunga kamba.

"Barke, mbwa? Na nyumba yako yasaliwa?"

"Nyumba yasaliwa. Yeye atalala banda la kuni, na kazi yake ni shambani."

"Watu watasema, shoga yangu."

"Basi hilo ndilo jina lake," nikamwambia. "Waseme."

Alidhani natania. Jioni alinisikia nikimwita kutoka mwisho wa shamba, kwa sauti yote niliyo nayo, na mtaa mzima ukasikia pia.

Ijumaa, 9 Novemba

Mvua nzuri, ya kunyesha bila papara. Mbegu zitakuwa zimefurahi.

Jumatano, 14 Novemba

Waseme amelamba sufuria yangu ya wali niliyoiacha nje. Kosa ni langu. Nikaenda nayo kisimani, nikaiosha mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani tukiwa watoto. Kisimani walikuwepo wanawake sita na kila mmoja aliona. Hakuna aliyesema neno mpaka nilipowapa mgongo.

Nilipokuwa narudi nilipishana na Maalim Faki, mwalimu wa chuo. Alimwona mbwa, akapandisha kanzu mpaka magotini, akapita pembeni kabisa akikanyaga miiba. Sikumsalimu. Mtu akiniona najisi na mimi simwoni.

Alhamisi, 22 Novemba

Mashimo mia na tatu yameota. Asubuhi nimekuta nyayo za nguruwe mpaka kwenye ua, kisha nyayo zilezile zikirudi zilikotoka, tena kwa kukimbia. Nimempa Waseme kichwa cha samaki.

Jumapili, 2 Desemba

Palizi. Mgongo.

Jumanne, 11 Desemba

Maua ya manjano kila mahali. Wanaume barazani wanabishana kama uhuru ukija Mwambao utakwenda na bara au utabaki peke yake. Khatibu, mzee wetu wa mtaa, amenipigia kelele nikipita: "Bi Barke, wewe na mbwa wako mwaelekea wapi?" Nikamjibu kwamba sisi tunaelekea palizini, na serikali yoyote itakayokuja itatukuta huko huko. Walicheka. Khatibu hakucheka sana.

Jumanne, 25 Desemba

Matikiti ya ukubwa wa ngumi. Nimeyahesabu, kisha nikajilaumu, maana kinachohesabiwa hupungua.

Jumapili, 6 Januari 1963

Tikiti la kwanza limepasuka kwa jua kabla halijakomaa vyema. Nyama yake ilikuwa ya waridi, tamu kidogo. Nililivunja vipande, nikala kimoja. Waseme alikaa mbele yangu akinitazama mdomoni, mate yakimtiririka. Nikamtupia kilichobaki chote kwenye karai kuukuu lililo lake. Alikula nyama, akala kokwa, akala ganda, akalamba na karai. Sijapata kumwona kiumbe akila kwa furaha namna ile tangu Mbarak alipokuwa akila mkate wa sinia.

Tima aliona kutoka kwake. "Mbwa yuwala tikiti? Haya maajabu. Litamdhuru hilo."

Nikamwambia mwili wa mbwa ni wa mbwa, yeye asiuingilie.

Jumatatu, 7 Januari

Limemdhuru. Ametapika tangu alfajiri, tumbo limekuwa gumu, hainuki. Tima hakuniambia "nilikwambia". Alisema tu, "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," kisha akaendelea kuanika nguo. Ningependa kumchukia, lakini kweli nimejidunga mwenyewe.

Jumanne, 8 Januari

Kahindi alikuja kuangua nazi. Akaingiza kidole katika matapishi bila kinyaa, akanionyesha: vipande vya ganda vizima vizima, na kokwa.

"Tikiti si sumu, Bi Barke," akasema. "Kwetu tukienda kuwinda, mbwa wetu twawapa, jua likiwa kali. Lakini ganda twakata na kokwa twatoa. Ganda humkwama tumboni. Mpe nyama peke yake, na usimpe kikapu kizima kama arusi."

Akamnywesha maji kidogo kidogo kwa kifuu. Jioni Waseme alitoa kilichomkwama, samahani kwa kuliandika hilo katika daftari la marehemu, na akasimama.

Alhamisi, 10 Januari

Leo nimemkatia vipande vidogo, ukubwa wa kete ya bao, bila ganda, bila kokwa. Vipande kumi. Nilimkalia kama mkunga. Hakuna kilichotokea ila alitaka vingine.

Jumanne, 15 Januari

Kaskazi imekaza na jua halina huruma. Kila adhuhuri nampa vipande vyake vya tikiti lililopasuka au lililodonolewa na kunguru. Nimegundua kwamba sasa mchana hayagusi maji kabisa. Hunywa alfajiri mara moja, basi. Tikiti lenyewe ni maji matupu, na yeye si mjinga.

Jumamosi, 19 Januari

Nimepeleka sokoni kikapu cha kwanza cha matikiti. Nilichelewa, nikayapeleka jinsi yalivyotoka shambani, udongo umeshika matumboni. Bi Kafedha, ambaye hununua kwangu kila nikivuna, alilishika moja, akaona udongo, akalirudisha polepole.

"Hili umelitohorisha, Bi Barke?"

Nikamuuliza vipi.

"Si udongo huu nauona? Mtu hatii udongo ila chombo kimelambwa na mbwa. Sufuria yako tuliiona kisimani."

Tikiti linalala chini kwenye udongo maisha yake yote, na huyu mtu mzima anadhani udongo ule nimeupaka mimi. Nikamwambia ningekuwa nimelitohorisha lingekuwa limeoshwa mara sita zaidi na linang'aa. Wanawake wakanong'onezana. Jibu langu lilikuwa sahihi na halikunisaidia kitu. Nimerudi na kikapu kizima kichwani.

Jumapili, 20 Januari

Nimeyaosha yote yakang'aa. Sasa wanasema, mbona ameyaosha?

Ijumaa, 25 Januari

Nimeuza mawili tu, kwa wapita njia wa feri wasionijua. Nguruwe, ambao ni haramu kwa kitabu na kwa desturi, walikula shamba hili mwaka juzi na mabaki yake watu waliyanunua bila kuuliza. Mbwa amelilinda, basi limekuwa haramu. Akutukanae hakuchagulii tusi.

Jumamosi, 26 Januari

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga, inshallah. Shamba limejaa matikiti mazuri kuliko yote niliyowahi kulima, na Ramadhani hii watu wa Likoni watafuturu maji ya kisima.

Jumanne, 29 Januari

Kumkatia mbwa tikiti adhuhuri na wewe umefunga ni ibada nyingine peke yake. Maji yake yalinitiririka mpaka viwikoni.

Jumatano, 30 Januari

Leo sina furaha ya kuandika lakini naandika.

Adhuhuri Waseme alikuwa anakula vipande vyake. Alikula kwa pupa, povu la waridi likamjaa kwenye midomo. Tima akaingia kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Kwa mguu wake, tena kwa wema, akalisukuma karai la maji karibu na mbwa. Waseme akalinusa, akageuza uso, akatikisa kichwa, na povu likaruka likaangukia leso ya Tima.

"Hanwi maji?" akauliza.

"Mchana hanywi," nikasema.

Sijapata kumwona mtu akibadilika vile. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye ua, hakuchukua mbuzi, hakuaga. Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa unasema mbwa wa Barke ana kichaa: anatoka povu na anaogopa maji. Na aliyesema ni Tima. Miaka kumi na minane tumeazimana chumvi.

Alhamisi, 31 Januari

Khatibu alikuja na wanaume wanne, wakasimama mbali.

"Bi Barke, sabalkheri. Huko Ng'ombeni mbwa mwenye kichaa ameuma watu wawili. Amri imetoka, mbwa yeyote mwenye dalili apigwe risasi. Jumamosi askari yuwaja."

"Dalili gani?"

"Povu. Na maji hanwi."

"Anakula tikiti, Khatibu. Wewe ukila tikiti zima utakunywa mtungi juu yake?"

"Mbwa hali tikiti," mmoja akasema, na wengine wakatikisa vichwa, maana hilo nalo kwao lilikuwa dalili.

Nikawaambia hivi, na naandika maneno yangu kama yalivyotoka ili siku nyingine nisije nikayapunguza: "Askari akija atanikuta nimekaa mbele ya huyu mbwa. Mwambieni alete risasi mbili."

Walipoondoka nikakaa juu ya kuni.

Baada ya alasiri akaja mtu mwingine, na kama ningeambiwa nikisie mara mia nisingemkisia. Maalim Faki. Alisimama hatua kumi kutoka kwa mbwa, kanzu ameishika mkononi.

"Nimempelekea barua bwana mifugo," akasema. "Yeye ndiye mjuzi wa kichaa, si Khatibu. Aje aone kabla ya askari."

Nilimwuliza kwa nini anisaidie, yeye anayenipita kama jaa.

"Mimi? Mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa yake, Bi Barke, wala sijasema kinyume. Kikavu kwa kikavu hakinajisi."

"Mbona basi wapandisha kanzu?"

"Kwa sababu ninazo kanzu mbili tu," akasema, "na kufua mara saba si mchezo kwa mtu asiye na mke."

Alisema bila kucheka. Miezi miwili na nusu nimemkasirikia mtu kwa ajili ya kazi ya dobi.

Jumamosi, 2 Februari

Bwana mifugo ni kijana wa bara anaitwa Kefa, mtu wa Maragoli, mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi. Alikuja pamoja na askari mwenye bunduki. Nilikuwa nimekaa mbele ya Waseme kama nilivyoahidi, na nilikuwa nimeoga na kuvaa leso nzuri, kwa sababu sikutaka kufa nikiwa mchafu.

Kefa hakunifokea. Alichuchumaa, akamtazama mbwa macho, akamtazama anavyotembea, akaniuliza ameuma mtu, nikasema hajauma.

"Mama, hii mbwa inakunywa maji?"

"Alfajiri."

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi."

"Wewe ni mwenye mbwa." Akavua miwani akaifuta. "Sikia, mama. Tutaifunga siku kumi. Kama iko na kichaa, siku kumi haitafika, itakufa. Lakini hawa watu wanataka kuona maji. Kila siku uweke maji, na mtu mwingine si wewe aandike kama imekunywa. Siku ya kumi nitakuja mwenyewe. Ikikataa maji mbele yangu, mimi siwezi kubishana na mtaa mzima."

Akauliza nani atakuwa shahidi. Wote wakatazama chini, utadhani wameangusha sindano. Maalim Faki akasema, "Nipeni kiti."

Jumapili, 3 Februari

Waseme amefungwa kwa mnyororo kwenye mnazi. Alfajiri amekunywa, nimemwona kwa macho yangu. Alasiri, mbele ya Maalim, hakuyatazama. Maalim ameandika kwenye karatasi yake: Hakunywa.

Jumatatu, 4 Februari

Hakunywa. Watu wameanza kuja kutazama. Wamefunga, midomo imekauka, na wanasimama juani kumtazama mbwa asiyetaka maji. Wengine nadhani wanakuja kuyatazama maji.

Jumanne, 5 Februari

Hakunywa. Amekasirika na mnyororo, amelala amewapa watu mgongo. Siku tatu. Nilimwomba Maalim aje alfajiri aone mwenyewe. Akasema alfajiri ana wanafunzi thelathini na msahafu, na mimi nikamjibu vibaya. Baadaye nilimwomba radhi. Akasema mtu aliyefunga na ana haki husema vibaya zaidi kuliko aliyefunga tu.

Nimekaa nikafikiri. Hajapewa tikiti siku tatu kwa kuwa niliogopa watasema ndilo lililomtia kichaa. Yaani nimeanza kuwaogopa. Hilo limeniudhi kuliko yote.

Jumatano, 6 Februari

Nimekata tikiti mbele ya watu wote. Nikatoa ganda, nikatoa kokwa moja moja kwa ncha ya kisu, nikaiponda nyama ndani ya karai la maji mpaka maji yakawa ya waridi. Waseme alinyanyuka kabla sijamaliza. Alikunywa mpaka chini.

Khatibu akasema huo ni ujanja. Maalim akaniuliza, "Hayo ni maji?"

"Maji na tikiti."

Akaandika: Amekunywa maji na tikiti. "Mimi naandika ninachokiona," akamwambia Khatibu. "Ukitaka mwandishi wa unachokitaka, tafuta mwingine."

Alhamisi, 7 Februari

Nampunguzia kidogo kidogo: leo tikiti nusu ya kipimo cha jana. Amekunywa.

Ijumaa, 8 Februari

Watu walikuwa msikitini. Tima akaja kwenye ua, upande wake. Sikuinua uso. Nilikuwa nachambua kokwa za mbegu ya mwaka ujao.

"Barke, naomba unisikize, kisha utanitukana."

Nikamwambia aseme.

"Baba yangu aliumwa na mbwa, kwetu Ng'ombeni, nikiwa na miaka saba. Kidonda kikapona. Baadaye akawa hawezi maji. Jirani akimimina maji mtungini, yeye kule ndani yuwapiga kelele. Mama alikuwa akinipa kikombe nimpelekee, mimi, kwa kuwa baba alinipenda zaidi. Akiona kikombe akijikunja ukutani. Alikufa siku ya nne na kikombe bado nimekishika. Siku ile mbwa wako alipogeuza uso, sikumwona mbwa. Wallahi sikumwona mbwa."

Miaka kumi na minane, na hilo hakuwahi kuniambia. Mimi nilidhani namjua kwa kuwa najua anavyokuna nazi.

Nilimwambia pole. Nilitaka kumwambia zaidi lakini hasira ilikuwa bado ipo, nikarudi kwenye kokwa zangu. Naye hakungoja. Kabla hajaingia ndani akasema, "Lakini nikimwona tena vile, nitapiga kelele tena." Na hilo nalo nimeliheshimu.

Jumapili, 10 Februari

Vipande vitatu tu katika karai zima. Amekunywa, lakini amenitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni.

Jumatatu, 11 Februari

Kipande kimoja. Alinusa muda mrefu, akala kipande, akaonja maji kidogo, akaacha. Maalim aliandika: Ameonja. Kesho ni maji matupu. Sina hakika naye hata kidogo, na sina mtu wa kumwambia hilo ila karatasi hii.

Jumanne, 12 Februari

Nimeosha mikono na nimefuturu, sasa naandika yote.

Kefa alifika alasiri na askari wake na sanduku la bati. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mkutano wa siasa. Tima alikuwa upande wake wa ua. Bi Kafedha alikuwa mbele kabisa. Jua lilikuwa limechoma mpaka minazi imenyamaza, na kila mtu pale alikuwa na kiu.

Maalim alisoma karatasi yake kwa sauti, siku moja baada ya nyingine, bila kuficha zile siku tatu wala tikiti. Kefa akamkagua Waseme mdomo na macho, akasema mbwa ni mzima na amenenepa. Watu wakaguna. "Maji," Khatibu akasema. "Tuone maji."

Nikachota kisimani mbele yao, nikamimina ndani ya karai. Nikamsogezea.

Waseme alinusa. Akanitazama mkononi, akatafuta tikiti. Hakuna tikiti. Akakaa chini, akageuza uso.

Askari alihamisha bunduki kutoka bega moja kwenda jingine, labda kwa uzito wake tu, lakini kila mtu aliona. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Si mwaona?"

Hapo nilichoka. Sikuogopa, nilichoka. Nikasema, "Bwana Kefa, ugonjwa huo ni wa kuogopa maji ama ni wa kutokuwa na kiu?"

"Kuogopa, mama. Koo inafunga."

"Basi tazama anavyoogopa."

Nilipiga magoti. Nikakunja leso mpaka kwenye viwiko, nikatia mikono miwili ndani ya karai, nikachota maji viganjani, nikayapeleka mpaka kwenye pua yake. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Mikono hii ndiyo inayochuma matikiti yao na kushika tasbihi, na ni mchana wa Ramadhani, mbele ya mwalimu wa chuo. Nikamwita kwa jina lake, kwa sauti yangu ya shambani: "Waseme. Haya, kunywa."

Akanusa viganja vyangu, vilivyokuwa na harufu ya tikiti la siku zote, haitoki hata kwa sabuni. Akatoa ulimi. Akanywa. Alikunywa maji yote, akalamba kiganja, akalamba katikati ya vidole, akalamba mpaka kifundo cha mkono. Nikachota tena, akanywa tena. Mara ya tatu akanipita, akatia kichwa chake ndani ya karai, na sauti ya kunywa kwake ikasikika mpaka kwa waliosimama nyuma kabisa, koo zao zikipanda na kushuka pamoja naye.

Nikasimama. Mikono ilikuwa inachuruzika. Hakuna aliyetaka kunikaribia, nami sikutaka wanikaribie. Nikainama, nikachota udongo wa shamba langu, nikajipaka mpaka viwikoni. Kisha nikahitaji mtu wa kunimiminia maji, maana mtu hawezi kujimiminia mikono yote miwili.

Maalim Faki aliinuka kwenye kiti chake. Akashusha kanzu yake aliyokuwa ameikunja siku zote kumi, akachukua kata, akaja.

"Moja," nikasema, kwa sauti, ili Bi Kafedha asikie.

Akamimina. Udongo ukaondoka.

"Mbili."

Nilihesabu zote saba. Kufikia ya tano kuna wanawake waliokuwa wanahesabu pamoja nami, sijui kwa kejeli au kwa mazoea ya chuoni. Ya saba nilipoitaja nikainua mikono juu wote waione, safi kuliko mikono ya yeyote pale. "Haya," nikawaambia. "Huo ndio udongo wa kutohorisha. Ule wa matikiti ni udongo wa kulimia. Nani mwingine ana swali?"

Kefa alifungua sanduku, akamdunga Waseme sindano, akamvisha shingoni kibati chenye nambari. Waseme hakulalamika. Askari akaniomba tikiti la kufuturu. Nikampa, maana hakunikosea, alikuwa amebeba bunduki tu.

Jumatano, 13 Februari

Maalim amenunua tikiti kubwa, akalibeba begani wazi, akapita nalo njia ndefu, mbele ya baraza lote.

Jumamosi, 16 Februari

Bi Kafedha amechukua sita. Aliniuliza kama nimeyaosha. Nikamuuliza anapenda jibu lipi. Akayachukua.

Alhamisi, 21 Februari

Shamba linakwisha. Tima haji. Nasikia anavyokuna nazi kwa mbuzi mpya.

Jumanne, 26 Februari. Idi

Nilirudi kutoka kwenye ziara za asubuhi nikamkuta Tima amesimama kwenye ua, leso mpya, sahani ya mahamri mkononi. Tulipeana mkono wa Idi juu ya miiba. Mahamri nikayapokea.

"Nataka tikiti," akasema. "Kama limebaki."

Lilikuwa limebaki moja la haja, nililokuwa nimeliweka la mbegu. Nikaenda, nikalikata kikonyo, nikaja nalo jinsi lilivyo, udongo umelishika tumbo lote. Sikulipangusa. Nikamkabidhi.

"Kaoshe mwenyewe," nikamwambia. "Mara ngapi ni shauri lako."

Alilitazama tikiti. Akamtazama Waseme, aliyekuwa amelala chini ya mnazi na kibati chake. Akashika pindo la leso yake ya Idi, mpya, haijapata kufuliwa, akalipangusa tikiti mara moja.

"Nipe kisu," akasema.

Tulilila pale pale, yeye upande wake na mimi wangu, maji ya tikiti yakidondokea miiba. Kipande cha mwisho hakukila. Alikikata ganda, akakishika karibu na macho yake ambayo siku hizi hayaoni vizuri, akaanza kukichokoa kwa ncha ya kisu, taratibu. Kisha akakirusha upande wangu, chini ya mnazi.

Hakumsogelea mbwa, wala sikumwomba amsogelee. Lakini kokwa alizitoa zote.